Nani alipie miaka 30 ya kuwafuatilia wanaojidunga?

Hoja ya wanaopinga ufadhili wa tafiti za VVU zinazowafuatilia watu walewale wanaotumia dawa za kulevya kwa miaka 10, 20 au 30 ni nzito kuliko watetezi wa tafiti hizo wanavyokiri. Kinga ya wanaojidunga inajulikana tangu zamani: sindano safi, methadoni (dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini) na dawa za kufubaza virusi (ARV). Kila shilingi inayolipia dodoso la kumi la mtu yuleyule ingeweza kununua sindano leo, na anayehojiwa kila baada ya miezi sita ana haki ya kuuliza kwa nini maswali humfikia mapema kuliko huduma.

Udhaifu wa hoja hiyo ni kudhani kwamba takwimu za mara moja husema kweli. Mei 1996, watafiti wa Vancouver, Kanada, walianza kuwaandikisha wanaojidunga, wengi wao wa mtaa wa Downtown Eastside, katika jiji ambalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa na mpango wa kugawa sindano safi na kukusanya zilizotumika. Mwaka uliofuata walichapisha matokeo ya kutisha: maambukizi mapya yalifikia 18.6 kwa kila watu 100 kwa mwaka, na waliokwenda mara kwa mara kuchukua sindano ndio walioonekana kuwa na VVU zaidi. Wanasiasa wa Marekani waliopinga fedha za serikali kuu kununua sindano waliipokea habari hiyo kwa mikono miwili, hata ikabidi watafiti wa Vancouver na Montreal waandike katika gazeti la New York Times, Aprili 1998, kwamba matokeo yao yalikuwa yakisomwa vibaya. Mwezi huohuo serikali ya Rais Clinton iliamua kutoondoa katazo la kutumia fedha hizo kununua sindano.

Jibu lilitoka kwa wahojiwa walewale, walipoendelea kufuatiliwa. Wateja wa mara kwa mara wa mpango ule walikuwa tangu mwanzo ndio wenye hatari kubwa zaidi: wasio na makazi ya kudumu, wanaouza ngono, na wanaojidunga kokeini, ambayo nguvu yake huisha upesi na kumfanya mtu ajidunge mara nyingi mno kwa siku, hata sindano alizopewa zisimtoshe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1999 haukukuta ushahidi kwamba ugawaji wa sindano ndio ulioeneza virusi.

Faida nyingine ilichelewa zaidi. Kwa kuwa jimbo la British Columbia hutoa ARV bure kupitia kituo kimoja, iliwezekana kuoanisha mahojiano na vipimo vya damu, na mwaka 2009 watafiti wakaonyesha, kwa takwimu za 1996 hadi 2007, kwamba wingi wa virusi katika damu za jamii nzima ya wanaojidunga ulikwenda sambamba na kasi ya maambukizi mapya. Ruzuku ya miaka mitatu isingeliona hilo. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za kazi hii ya Kanada ilitoka kwa mlipakodi wa Marekani, kupitia NIDA, taasisi ya nchi hiyo inayofadhili tafiti za matumizi ya dawa za kulevya.

Hata hivyo, utafiti wa namna hii usiwe wa milele. Amsterdam ilianza kuwafuatilia wanaotumia dawa mwaka 1985 na ikaacha mwaka 2016, wakati maambukizi mapya yalikuwa karibu hayapo tena. Kuacha si jambo jepesi kwa watafiti ambao mishahara yao hutegemea ruzuku ijayo. Aidha, dola 20 za Kanada ambazo mshiriki wa Vancouver alilipwa kwa kila ziara ni fedha nyingi kwa mtu mwenye alosto, yaani maumivu ya kukosa dawa aliyoizoea, na si rahisi kupima ridhaa yake ilikuwa huru kiasi gani.

Dar es Salaam ilipata funzo lake mwaka 2005, pale watafiti walipoeleza kwamba baadhi ya wanawake walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga heroini, wakiamini ina dawa ya kutosha kuwatuliza alosto. Methadoni ilianza kutolewa katika hospitali ya Muhimbili Februari 2011, kwa msaada wa Marekani, na kwa kawaida mteja hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, ambaye huiandika katika rejista. Kwa maoni yangu, rejista hizo ni nusu ya utafiti wa muda mrefu, tena nusu iliyokwisha kulipiwa. Ni busara kuzitumia, hasa baada ya Marekani kusitisha misaada ya nje Januari 2025, na Mei mwaka huohuo kuzuia taasisi zake zinazopata ruzuku za utafiti wa afya zisizigawie taasisi za nje kama zamani.

Kasoro ya rejista ni kwamba humwona aliyefika dirishani tu. Wanawake, ambao ni wachache sana kliniki, na wale walioacha dozi wakarudi maskani, vijiwe vya kutumia dawa, hawamo, na ndio walio karibu zaidi na sindano za kuchangia. Kama bajeti ya serikali zetu inaweza kulipia jambo moja tu, ilipie wahudumu wa kuwatafuta hao, kuwapima na kuwapima tena mwaka unaofuata.