Kibati cha leza hakihukumiwi siku kilipochongwa

Mpwa wangu anasoma ufundi mitambo hapa Mwanza. Mradi wake wa mwisho ulikuwa kuchonga vibati vya aluminiamu kwa leza ili vikatae maji, na alitumia mashine ileile wanayoandikia majina kwenye vikombe vya zawadi pale mjini. Kibati kilichongwa asubuhi, mchana kikawa mbele ya wakufunzi. Tone likadondoshwa, likatandaa papo hapo mpaka mwisho wa mistari. "Mjomba, wamesema leza haijafanya kitu, nitafute mada nyingine," aliniambia kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukubali.

Mimi sijakubali. Walichokiona wale wakufunzi ndicho hasa kinachotakiwa kuonekana siku ya kwanza.

Leza ikipita juu ya chuma huyeyusha ngozi yake na kuirusha, ikaacha mifereji na vinundu vidogo sana, na hapo hapo uso ule mpya unashikana na oksijeni ya hewani. Oksidi mbichi, yaani utando unaozaliwa chuma kinaposhikana na oksijeni, inayavuta maji kwa nguvu. Mikwaruzo nayo inaongezea: mtafiti Wenzel alionyesha mwaka 1936 kwamba uso unaopenda maji ukiukwaruza unayapenda zaidi, na unaoyakataa ukiukwaruza unayakataa zaidi. Kwa hiyo kibati kilichoyavuta maji kwa kasi ile kilikuwa kinasema mchongo umekubali.

Sasa kiache hewani. Hewa tunayovuta ina mvuke wa vitu vyenye kaboni, wa mafuta, wa moshi, wa rangi, wa vyakula, na mvuke huo unatua kidogo kidogo juu ya oksidi ile mpaka unaifunika kwa utando usioonekana kwa macho, nao unayakataa maji. Umbo la mchongo linabaki vilevile, kinachobadilika ni ngozi ya juu kabisa. Baada ya siku kadhaa, au wiki kadhaa kutegemea chuma na mchongo, tone linaanza kusimama. Pembe kati ya ukingo wa tone na chuma inapanda, inavuka nyuzi 90, na mchongo ukiwa mzuri inapita 150. Hapo tone linakaa juu ya vinundu huku hewa imebanwa chini yake, jambo ambalo watafiti Cassie na Baxter walilieleza mwaka 1944, na ukiinamisha kibati kidogo tu linabingirika sawasawa na tone juu ya jani la gimbi.

Haya yamepimwa. Mwaka 2009 Kietzig na wenzake huko Kanada waliripoti kwamba vyuma vilivyochongwa kwa leza hugeuka kadiri siku zinavyopita, wakadhani ni kabonidioksidi inayovunjika juu ya uso. Waliofuata wakatenganisha hewa zenyewe: vipande vilivyokaa kwenye kabonidioksidi au naitrojeni safi vilichelewa au havikugeuka, vilivyokaa penye mvuke wa kaboni vikageuka haraka. Vilivyohifadhiwa ndani ya maji viliendelea kupenda maji. Leza inafanya nusu ya kazi, hewa inamalizia.

Ndiyo maana inaniuma kuona fomu ya kusahihishia mradi haina hata mstari wa kuuliza kipande kina umri gani na kilitunzwa wapi. Kijana akipima siku ya kwanza na mwingine akipima baada ya mwezi, mmoja anaitwa mzembe na mwingine hodari, na huenda wamechonga kitu kilekile!

Tena sisi wa Mwanza tuna swali letu ambalo hakuna atakayetujibia. Weka kibati kimoja Mwaloni, Kirumba, penye dagaa na moshi, kingine Capri Point penye upepo wa ziwa, kingine ndani ya maabara yenye kiyoyozi. Kipi kitageuka kwanza, na kwa siku ngapi? Huo ni mradi kamili wa diploma. Vifaa vyake ni simu yenye kamera nzuri ya kupigia tone picha ya ubavuni, sindano ya kudondoshea maji ya kiasi kilekile, na programu ya kupima pembe kwenye picha.

Nakiri wakufunzi wana ratiba na hawawezi kungoja mwezi kwa kila mwanafunzi. Nakiri pia sifa hii ni dhaifu: steelwire na sabuni vinaiharibu, na anayeota meza za kukatia minofu ya sangara zisizoloa maji ajue kwamba uso unaonasa mvuke wa hewani utanasa na mafuta ya samaki. Na mchonga chuma avae miwani ya leza na afungue madirisha, kwa sababu moshi ule ni chuma.

Lakini ratiba si kisingizio kikubwa. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba joto la nyuzi 100 hivi linafupisha wiki kuwa saa, na maabara za ujenzi za vyuo vyetu zina oveni za kukaushia udongo zinazowashwa kwa nyuzi 105 hadi 110. Chukueni vibati viwili vya mchongo mmoja, kimoja kiingie oveni usiku, kingine kibaki mezani, asubuhi mdondoshe maji juu ya vyote viwili mbele ya mwanafunzi mwenyewe. Kisha ongezeni kwenye fomu tarehe ya kuchonga, tarehe ya kupima na mahali kipande kilipolala, kabla kundi la mwakani halijaanza kusahihishwa.