Wavietnam na Wanikaragua Marekani: vita vilevile, makaratasi tofauti

Ukipita Bolsa Avenue, mjini Westminster kusini mwa California, utatembea kitambo kirefu macho yako yakikutana na Kivietnam kila mahali. Wakili, daktari wa meno, sonara, mkahawa wa supu ya pho, ofisi ya bima, kila mlango una bango lake. Jengo la maduka la Phước Lộc Thọ limesimama hapo tangu 1987. Upande wa pili wa nchi, pembezoni mwa Miami, kuna Sweetwater, mji ambao watu wameupachika jina la Managua Ndogo, kwa jina la mji mkuu wa Nikaragua. Huko utapata mikahawa ya fritanga yenye nyama ya makaa na gallo pinto, ule wali wao uliokaangwa pamoja na maharage mekundu. Lakini Managua Ndogo yenyewe imo ndani ya mji ambao wengi wa wakazi wake ni Wakyuba. Wanikaragua wana mtaa kwenye mji wa watu wengine. Wavietnam wana mji.

Picha hizo mbili ndizo zinazozaa hoja ambayo kila anayeishi Marekani ameisikia: Wavietnam wanapenda shule, wanaweka akiba, wanasaidiana, Walatino, yaani watu wa Amerika ya Kilatini kama hao Wanikaragua, wanatuma kila senti nyumbani na kubaki palepale. Na si kwa wazungu tu. Utaisikia pia kwa Waafrika wenzetu, kwenye sherehe za kipaimara na vikao vya harusi, inasemwa kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kufanya utafiti. Wapo wanaoijibu kwa mkato: hakuna cha utamaduni hapo, ni siasa tupu, mmoja alipewa na mwenzake akanyimwa. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, ila nadhani wanairahisisha mno hoja yao.

Makundi haya mawili yanalinganishika kuliko mtu anavyodhani. Wote walizikimbia serikali za mrengo wa kushoto ambazo Marekani yenyewe ilipigana nazo, moja kwa jeshi lake, nyingine kwa kuwafadhili waasi. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka tarehe 30 Aprili 1975. Wasandinista, wanamapinduzi wa mrengo wa kushoto wa Nikaragua, waliingia Managua tarehe 19 Julai 1979. Hata mpangilio wa kuondoka unafanana: kwanza maofisa, matajiri na wasomi, halafu watu wa kati, mwishoni wavuvi, wakulima na vijana waliokwepa kupelekwa vitani. Wanikaragua wa mwanzo hawakuwa maskini hata kidogo. Familia ya Pellas, maarufu kwa sukari na rum, ilikuwa na benki hata kabla ya mapinduzi.

Walipofika ndipo njia zilipoachana.

Wavietnam wa 1975, watu wapatao 130,000, walipokelewa kwenye kambi nne za kijeshi, ikiwamo Camp Pendleton huko California na Fort Chaffee huko Arkansas. Bunge lilipitisha sheria ya kuwasaidia mwaka uleule. Familia haikutoka kambini mpaka ipate mdhamini, mara nyingi kanisa, aliyeitafutia nyumba na kazi ya kwanza. Mwaka 1977 ikaja sheria ya kuwapa ukaazi wa kudumu. Walipoanza kumiminika watu wa mashua, yaani waliotoroka Vietnam kwa njia ya bahari, Sheria ya Wakimbizi ya 1980 ikawapa posho na matibabu kwa muda uliofika miezi 36, uliopunguzwa baadaye kuwa 18. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyowaleta Wakongo wanaozungumza Kiswahili kutoka kambi za Afrika Mashariki, hadi mapokezi ya wakimbizi yaliposimamishwa Januari 2025, kwa hiyo wasomaji wengine wa makala hii wanajua ilivyokuwa: unashuka uwanja wa ndege, kuna mtu ameshika jina lako, na kibali cha kazi ni haki yako tangu siku hiyo. Ukiwa na deni, ni la nauli ya ndege, na halina riba.

Mnikaragua hakushikiwa jina uwanja wa ndege. Alivuka Rio Grande, mto wa mpakani na Meksiko, akapanda basi hadi Miami, akaomba hifadhi. Katika miaka ya 1980 ni karibu robo tu ya maombi yao yaliyokubaliwa. Robo hiyo ilikuwa neema ukilinganisha na Wasalvador na Waguatemala, ambao hata watatu katika mia hawakufika, lakini bado ilimaanisha kwamba watatu kati ya wanne walikataliwa. Mwaka 1987 Mwanasheria Mkuu Edwin Meese aliagiza wasirudishwe kwao kwa urahisi na wapewe vibali vya kazi, na mwanzoni mwa 1989 jiji la Miami likawalaza mamia kwenye uwanja wa zamani wa besiboli. Kwa nini serikali iliyowachukia Wasandinista kiasi kile haikuwafungulia mlango waliowakimbia? Jibu langu ni kwamba Vietnam ilikuwa vita iliyokwisha na deni la aibu lilikuwa limebaki, ilhali Nikaragua ilikuwa vita iliyokuwa inaendelea, na Washington ilitaka watu wabaki huko wapigane. Ukaazi wa kudumu kwa walio wengi ulifunguliwa na sheria ya NACARA ya Novemba 1997, iliyosukumwa na wabunge wa Florida wenye asili ya Kuba. Aliyeingia 1982 alikuwa amengoja miaka 15.

Hadi hapo hoja ya siasa imeshinda, au ndivyo inavyoonekana. Sasa tuingie saluni ya kucha.

Mwaka 1975 mwigizaji Tippi Hedren alitembelea kambi ya wakimbizi karibu na Sacramento, na wanawake wa Kivietnam wakazisifu kucha zake. Akampeleka kwao fundi wake wa kucha, wanawake 20 wakafundishwa. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya paukwa pakawa, lakini utamu wake uko kwenye yaliyofuata. Leseni ya ufundi wa kucha California inahitaji saa 400 za mafunzo, kazi ya miezi michache tu, na mtihani unaweza kuufanya kwa Kivietnam. Kiingereza cha mezani ni maneno machache: rangi gani, duara au mraba, unataka na miguu? Katika nchi ambako takriban theluthi mbili ya wahamiaji kutoka Vietnam mpaka leo hawajakimudu vizuri Kiingereza, kazi isiyodai Kiingereza ni mlango. Shangazi anamfundisha mpwa, mpwa anaajiriwa hapohapo kwa mgawo, mara nyingi sitini kwa arobaini, na baada ya miaka michache anahamia mji ambao hauna saluni na kufungua yake. Bei zikashuka hadi makatibu muhtasari na manesi nao wakawa wateja, maana zamani kutengenezewa kucha kulikuwa mambo ya wenye nazo. Leo Wavietnam ndio wengi mno katika kazi hii California, na ni karibu nusu ya mafundi wa kucha wa nchi nzima.

Mtaji ulitoka wapi? Kwa sehemu ulitoka kwenye hụi. Mtu wa Dar es Salaam haelezwi sana hapo: ni upatu, kasoro kwamba katika hụi wanachama hushindana kwa kutaja riba ya kuchukua fungu mapema, na anayesubiri hadi mwisho ndiye anayevuna. Benki haikuhusika wala haikuuliza historia ya mkopo.

Kwa hiyo wanaosema utamaduni hawakosei kila kitu. Hakuna sheria ya bunge iliyowaagiza Wavietnam waingie kwenye kucha, na hakuna ruzuku iliyounda hụi. Lakini angalia upatu unasimama juu ya nini. Unampa mtu dola elfu kumi leo ukiamini kwamba mwezi ujao atakuwepo. Mtu anayeweza kukamatwa na kurudishwa kwao wakati wowote ni mwanachama wa hatari, hata awe mwaminifu kama dhahabu. Na chumba cha biashara kinataka mkataba wa miaka kadhaa. Utamaduni wa akiba upo kwa watu wengi duniani, Wanikaragua wakiwamo. Ila akiba inahitaji kesho ambayo mtu anaweza kuiwekea tarehe.

Tusiwapambe Wavietnam nao kupita kiasi. Waliofika kwa mashua mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea wengi walikuwa na elimu ndogo kuliko wa 1975, na familia nyingi za California ziliishi kwa misaada ya serikali kwa miaka. Huko Texas wavuvi wao wa kamba walipambana na wenyeji, kisha na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, hadi mwaka 1981 walipokwenda mahakamani na kushinda. Na kucha zenyewe? Utafiti wa chuo kikuu cha UCLA wa 2018 uliwakuta karibu wafanyakazi wanane kati ya kumi wa sekta hiyo wakilipwa ujira wa chini. Mwanamke anakaa saa kumi akiwa ameinamia miguu ya watu, barakoa nyembamba usoni, asetoni hewani, na ujira unategemea wangapi wameingia mlangoni siku hiyo. Mwenye saluni ni Mvietnam. Anayekohoa pale mezani naye ni Mvietnam. Mafanikio ya jamii yanahesabiwa kwa yule wa kwanza.

Kuhusu kutuma fedha nyumbani, lawama inayowapata zaidi Walatino, kuna jambo ambalo wanaolaumu husahau. Mpaka Februari 1994 Marekani ilikuwa imeiwekea Vietnam vikwazo vya biashara. Wavietnam walituma nyumbani hata hivyo, hasa vifurushi vya nguo, dawa na vitambaa ambavyo ndugu waliviuza, lakini njia ilikuwa nyembamba. Nadhani, na hili ni kisio langu, kwamba sehemu ya mtaji wa Bolsa Avenue ni fedha ambazo zingevuka bahari kama mlango ungekuwa wazi. Mnikaragua wa leo mlango wake uko wazi, na nyumbani wanausubiri. Mwaka 2024 Nikaragua, nchi ya watu wasiozidi milioni 7, ilipokea zaidi ya dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake walio nje, zaidi ya robo ya pato la taifa, na sehemu kubwa ilitoka Marekani. Hizo ni ada za shule, mabati, dawa za mama. Kumwita aliyezituma mfujaji kwa sababu hana duka ni dhuluma. Ila ni kweli pia kwamba dola iliyokwenda Estelí, mji wa Nikaragua, haiwezi kulipia kodi ya chumba cha biashara Miami.

Kuna ushahidi mmoja unaoisumbua hoja yangu mwenyewe. Mchumi Neeraj Kaushal alichunguza kilichowapata wanaume waliolengwa na NACARA baada ya kuhalalishwa, na akachapisha matokeo mwaka 2006. Ujira wao halisi ulipanda kwa takriban asilimia 3. Waliosoma sekondari au zaidi ndio walioneemeka hasa, na kwa wenye elimu ndogo tofauti ilikuwa hafifu. Kama makaratasi ndiyo kila kitu, asilimia 3 ni kitu gani?

Nimelitafakari sana hili. Ninavyolisoma ni kwamba karatasi ya mwaka wa kumi na tano si ile karatasi ya siku ya kwanza. Mhandisi wa Managua aliyeingia akiwa na miaka 30, akamwaga zege kwa miaka 15, haurudii uhandisi kwa sababu posta imemletea kadi ya ukaazi. Mitandao ya kazi imeshajengeka, mwili umechoka, mtoto wa kwanza ameshaacha shule ili asaidie kodi ya nyumba. Mvietnam alipewa karatasi, mdhamini na posho kwa mkupuo mmoja, wakati bado ana nguvu na uchaguzi. Mnikaragua alipewa karatasi peke yake, tena imechelewa. Na takwimu ya waliosoma inasema vilevile: karatasi inamfaa zaidi aliye na kitu cha kuishikisha.

Ndiyo maana sioni faida ya kulinganisha wastani wa kipato wa makundi haya kwa leo. Safu ya "Nikaragua" kwenye jedwali lolote inamchanganya daktari wa 1979 na kijana wa baada ya maandamano ya Aprili 2018, yaliyozimwa kwa risasi na kuua watu zaidi ya 300. Katika mwaka wa fedha wa 2022 pekee, mpaka wa kusini wa Marekani ulirekodi Wanikaragua zaidi ya mara 160,000. Wengi walilipa wasafirishaji wa magendo kwa mkopo, wengine wakiweka rehani nyumba au shamba, kwa hiyo mshahara wa mwaka wa kwanza una mwenyewe kabla haujapatikana. Walioingia kwa njia halali, kwa utaratibu wa wadhamini wa Januari 2023, waliruhusiwa kukaa miaka miwili tu, na serikali ikaufuta utaratibu huo Machi 2025. Julai mwaka huohuo ikatangaza pia mwisho wa hifadhi ya muda iliyotolewa baada ya Kimbunga Mitch, ambayo wengine walikuwa wakiihuisha tangu 1999.

Baadhi ya hawa wapya wako Wisconsin, wanakamua ng'ombe. Zamu huweza kufika saa 12, mchana au usiku, kwa sababu mashine hazilali. Wengi wanalala kwenye nyumba zilizo ndani ya shamba. Jimbo hilo halimpi leseni ya udereva mtu asiye na makaratasi, sheria ya tangu 2007, na duka la chakula liko mbali, kwa hiyo safari ya kununua mchele na maharage inafanywa kwa kuvizia, dereva akiombea asisimamishwe na polisi. Faini ya kuendesha bila leseni inakula ujira wa siku. Jumatatu anakamua tena.