Kitalu cha mpunga: swali si kuwa nacho tu

Wanaotetea kumwaga mbegu moja kwa moja jarubani, yaani kwenye kipande cha shamba la mpunga chenye kingo za kuzuia maji, badala ya kuotesha miche kitaluni kwanza, wana hoja nzito. Kusia kitalu, kung'oa miche, kuibeba na kuipandikiza huku mgongo umeinama kwenye tope kutwa nzima, kunataka watu wengi kwa wakati mmoja. Vibarua wakikosekana wiki hiyo, miche inazeeka kitaluni. Aliyemwaga mbegu kazi yake imekwisha mapema, na kwa kuwa mizizi haikuguswa, mpunga wake huwahi kukomaa kwa siku 7 hadi 10.

Hesabu hugeuka magugu yanapoota. Mbegu iliyomwagwa inaanza sawa nayo, na mpunga-mwitu ukiwa mchanga unafanana na mpunga hasa hata mpaliliaji mzoefu anababaika. Mche wa kitalu umeshatangulia, jaruba linaweza kutiwa maji mapema kuzima magugu, na ukipandwa kwa mistari, kilichoota nje ya mstari kinajulikana.

Lakini naona tunabishana kuhusu kitalu na kusahau umri wa mche. Kilimo shadidi, kilichoanzia Madagaska miaka ya 1980 kwa juhudi za padri Mfaransa Henri de Laulanié, huhamisha miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 hivi. Kilo 5 hadi 10 za mbegu hutosha hekta. Utazame mche huo kiganjani: majani mawili, na punje bado imeshikilia shinani. Hauvutwi, unachotwa na udongo wake, ukapandwa siku hiyo hiyo, kijuujuu, ncha ya mzizi isigeukie juu. Ukitunzwa hivyo hutoa machipukizi mengi. Wa mwezi mzima, uliong'olewa mizizi ikakatika, huduwaa siku kadhaa majani yakiwa ya njano, na muda wa kuchipua unapotea.

Hata mche mchanga una sharti lake: jaruba lisilosawazishwa huuzamisha kwenye mabonde. Asiyeweza kutoa maji shambani apande wa siku 21, na hapo sioni aibu yoyote.

Ndiyo maana saa ya kitalu huanza kuhesabiwa shambani. Mbegu hulowekwa saa 24, huvundikwa (hufunikwa ichipue) siku moja au mbili, na baada ya kusiwa siku zinakimbia. Kama jaruba bado lina mabonge, usiloweke.