Unga wa vitu 12 sio lishe

Wiki hii grupu letu la kina mama limejaa klipu moja tu. Dada amevaa koti jeupe la daktari, mbele yake ndoo za unga zimepangwa, anasema mtoto akinywa uji huu wiki mbili mashavu yanajaa, ndani kuna mchanganyiko wa vitu 12, na ofa mwisho leo. Watu wanamiminika kuagiza. Mi nimesomea lishe, nilisoma Morogoro mpaka nikamaliza digrii, na hii klipu imeniuma kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu siku hizihizi mama mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha kadi ya kliniki ya mwanae, mstari wa uzito umelala kabisa tangu mtoto aanze kula, na unga wa namna hiyo huyo mama anao, ndoo imejaa, kaununua kwa hela ya kujinyima.

Nikamuuliza yule mama, mwenzangu unampikiaje? Akaniletea chupa. Chuchu ya chupa imekatwa na wembe ili uji upite. Na ili upite lazima uwe mwepesi, kwa hiyo vijiko viwili vya unga, maji mengi, sukari, basi. Mtoto ananyonya chupa nzima, tumbo linajaa, analala, mama anashukuru Mungu mtoto kashiba. Kashiba maji jamani. Maji yenye unga kidogo na sukari!

Ngoja nilieleze hili taratibu maana ndio kiini cha hasira yangu. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba karibu robo lita kwa mlo mmoja, haliwezi zaidi ya hapo. Sasa unga wowote wa nafaka ukipikwa unavimba, unafyonza maji, ukizidisha unga kidogo tu unakuwa mzito kama ugali, kwa hiyo kila mtu anaongeza maji. Matokeo yake ile robo lita karibu yote ni maji. Haijalishi unga una vitu 12 au 20, kinachoingia mdomoni ni kiduchu. Halafu hebu tuvisome hivyo vitu 12 kwenye lebo: mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano, mchele. Hapo tayari umehesabu sita na zote ni nafaka, kundi moja, kazi moja. Kumpa mtoto nafaka sita hakumfanyi awe amekula makundi sita ya chakula. Amekula wanga mara sita.

Vinavyobaki ni soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga na kadhalika, na hapa ndo naogopa zaidi. Soya mbichi ikisagwa bila kuchemshwa au kukaangwa vizuri ina vitu vinavyozuia mwili kusaga protini, na ukimuuliza muuzaji soya yake aliiandaaje hana jibu. Karanga na mahindi ndio makazi ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Wa Dodoma na Manyara hawajasahau 2016, watu walikufa kwa sumu hiyo, sio hadithi. Na karanga zikishasagwa na kukaa kwenye ndoo wiki kwa wiki kwenye joto la jikoni, mafuta yake yanachacha, unga unaanza kutoa harufu, mama anaendelea kuupika maana kaununua bei mbaya.

Nitakubali kitu kimoja, ila kwa shingo upande. Uji wenyewe hauna kosa. Kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, uji ni haraka, mtoto anaupenda, na nafaka iliyosagwa na maharage au karanga salama ni bora kuliko sembe tupu. Sawa. Lakini upike mzito, wa kushika kwenye kijiko, ulishe kwa kikombe na kijiko na sio kwa chupa, utie mafuta kijiko kimoja au maziwa au karanga ulizochambua mwenyewe ukasaga leo. Na kama unataka ulainike bila kuongeza maji, bibi zetu wa nyanda za juu walishajua zamani, kimea. Ulezi ukiuloweka, ukauotesha, ukaukausha na kuusaga, kijiko kimoja ukikikorogea kwenye uji mzito uliopungua moto unaona wenyewe unalegea, kisha unauchemsha tena kidogo. Ndicho kimea hichohicho cha togwa. Utaalamu huu upo nyumbani kwetu miaka yote na hakuna anayeurekodia klipu.

Uji pia sio mlo pekee wa kumpa mtoto tangu miezi sita mpaka anaenda chekechea. Mpondee kiazi au ndizi, tia dagaa uliowasaga wakawa unga, tia mchicha uliokatwa saa hiyo na kupikwa dakika chache, tone la mafuta, kamulia limau. Lile limau sio la ladha tu, linausaidia mwili kuvuta madini chuma kutoka kwenye mboga na maharage. Kiini cha yai. Maini kipande kidogo. Parachichi lililoiva halihitaji hata moto! Na maziwa ya mama yanaendelea mpaka miaka miwili na zaidi.

Nimetaja parachichi kwa makusudi, maana nikifika hapo akili yangu inakimbilia Njombe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 umeonyesha udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni, kwa watoto chini ya miaka mitano Tanzania nzima ni asilimia 30. Iringa ni 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Hebu zirudie kuzisoma. Hii ndio mikoa inayolisha nchi! Mahindi ya Rukwa, viazi na maharage ya Njombe, maziwa, parachichi zinapangwa kwenye maboksi kupelekwa nje, dagaa wa Ziwa Tanganyika wako hapo Kasanga, na mtoto wa mkulima huyohuyo, mmoja kati ya wawili, amedumaa. Kwa hiyo mtu akija kuniambia tatizo ni kukosa unga maalumu, au tatizo ni njaa, namwambia twende Njombe.

Watu wa Iringa walishatuonyesha njia na tukaiacha. Mwaka 1983 serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, kwa hela ya Italia, walianzisha mpango wa lishe vijiji 168 mkoani humo. Hawakugawa unga. Walipima watoto hapo hapo kijijini, kisha majibu yakapelekwa kwenye kikao cha kijiji, watu wenyewe wakajiuliza, huyu mtoto wa fulani mbona hakui, nyumbani kuna nini. Na walichogundua sio kwamba hakuna chakula. Mama yuko shambani kuanzia asubuhi, kisha kuni, kisha maji, mtoto anakula mara mbili kwa siku wakati tumbo lake dogo linadai mara nne au tano. Wakaweka sehemu za kulishia watoto mchana, wakazungumzia mzigo wa kazi wa mama waziwazi, na utapiamlo mkali ukashuka sana. Mchoro wa UNICEF wa 1990 tuliokaririshwa wote tuliosoma lishe, ule unaosema chakula, matunzo na afya lazima viende pamoja, ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Iringa. Dunia imejifunza kutoka kwetu. Sisi tunanunua ndoo.

Nilipokuwa chuo ndugu zangu walikuwa wanauliza miaka yote hiyo unasomea kupika? Sikuwalaumu. Lakini kusoma lishe ni kusoma kwa nini chai ya rangi ukiinywa na maharage inayazuia madini chuma yasiingie mwilini, na nchi hii wanawake zaidi ya wanne kati ya kumi wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, na chai tunainywa na chakula asubuhi, mchana, jioni. Isogeze saa moja mbele tu, haikugharimu kitu. Ni kusoma kwa nini mchicha unaochemshwa mpaka uwe mweusi na maji yake kumwagwa umebaki majani tu. Kwa nini chumvi ya mawe isiyo na madini joto inarudisha tezi la shingo. Dona badala ya sembe, ndio, lakini mahindi yake yachambuliwe, yasiwe na ukungu.

Na kitu kingine, kwa ndugu zangu wanaouza lishe kama tiba. Chakula kinasaidia sana mwili, ni kazi yangu na ninaiamini kwa moyo wote. Lakini ukimwambia mgonjwa wa kisukari aache dawa zake za hospitali anywe unga wako, unamuua. Sina lugha laini ya kusema hili.

Baba nao. Kliniki nzima ni kina mama, somo la lishe wanapewa kina mama, halafu mwenye hela ya kununua mayai na anayeamua maziwa yauzwe yote au yabaki nusu lita hajawahi kukaa kwenye lile benchi. Mama anarudi na maarifa, anakuta baba kashauza kila kitu. Nimekutana na mama anafuga kuku na mtoto wake hajawahi kuonja yai, mayai ni ya kupeleka dukani kubadilisha na sukari. Sukari ya kutia kwenye uji! Nilishindwa kuongea siku ile.

Basi tudai kinachotakiwa kudaiwa. Tangu 1973 tuna Taasisi ya Chakula na Lishe, tuna maafisa lishe kwenye halmashauri, tuna vijana wanamaliza Morogoro kila mwaka na wanakaa nyumbani au wanauza simu wakati kuna kata nzima hazijawahi kumwona mtu wa lishe. Na halmashauri zote zilishaagizwa zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kila mwaka kwa ajili ya kazi za lishe. Elfu moja. Ni hela ndogo mpaka inatia uchungu, na bado kuna halmashauri inatengwa kwenye makaratasi haitoki, au inatoka nusu, au inatoka mwezi wa sita mwaka wa fedha unakwisha. Diwani wako anaijua hiyo hela. Akija kwenye mkutano wa mtaa kuomba makofi kwa ajili ya barabara, nyoosha mkono umuulize watoto wa kata hii wako wangapi, elfu moja zao zimetoka lini na zimefanya kazi gani, na usikae chini mpaka ajibu.