Mwenye mzigo wa kuni apite kwanza

Malalamiko ya Wanairobi wanaopenda misitu ni yale yale kila mwaka. Watembeaji wanasema waendesha baiskeli hawapunguzi mwendo. Waendesha baiskeli wanasema watembeaji wanatanda njia nzima, wanne kwa wanne, masikio yamezibwa na muziki. Wakimbiaji hawawataki mbwa wasiofungwa, na wenye mbwa hawawataki wakimbiaji wanaowatokea nyuma kimya kimya. Halafu anatokea mtu anasema ng'ambo mambo haya yalimalizwa zamani, kwa hiyo tuige tu.

Mimi naishi huko ng'ambo, katika jimbo la Colorado, Marekani, ambako njia za milimani zimegombaniwa kwa miongo mingi na kanuni zake zimeandikwa karibu kila lango. Naamini ziko nyingi za kuiga. Lakini ile ya kwanza kabisa, ya nani ampishe nani, haifai kuletwa Nairobi jinsi ilivyo.

Kule inasema hivi: baiskeli humpisha kila mtu, mtembea kwa miguu humpisha farasi, na anayeshuka humpisha anayepanda. Farasi yuko juu kwa sababu ni mnyama wa kukimbia hatari. Akishtuka hasikii hatamu, na aliye mgongoni anaweza kuvunjika. Anayepanda mlima kwa baiskeli anapishwa kwa sababu akisimama katikati ya mwinuko hawezi kuondoka tena kwa urahisi. Ukiitazama vizuri, kanuni hii haina cheo wala ukubwa. Anayeweza kusimama bila taabu anampisha asiyeweza.

Sasa kichukue kipimo hicho hicho ukipeleke Karura, msitu ulio kaskazini mwa Nairobi. Mwanamke ametoka Huruma, mtaa wa mabanda ulio pembeni mwa msitu huo, kuokota kuni, mzigo umekaa mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso. Shingo yake haigeuki. Anaona mita chache tu mbele ya miguu yake. Vijiti vimelala kwa upana na kutokeza pande zote mbili, mara nyingine kuishinda njia yenyewe. Ukimtaka akae kando, atakanyaga ukingo wenye majani na utelezi, na mzigo ukianguka hauwezi kumrudia mgongoni bila mtu wa kumtweka. Katika msitu huo hakuna mtumiaji anayeshindwa kukwepa kuliko yeye. Kwa kipimo cha Wamarekani wenyewe, yeye ndiye wa juu kabisa, kabla ya farasi. Ningetaka hilo liandikwe kwenye ubao wa kila mlango, mstari wa kwanza: mwenye mzigo hapishi mtu.

Huko Ngong Hills, vilima vya nje ya Nairobi, nafasi hiyo ni ya mifugo. Kundi la ng'ombe likija kwenye kijia, simama upande wa juu wa mlima, acha nafasi, usipite katikati na usipige kelele. Ukisimama upande wa chini, ng'ombe anayekukwepa atapanda juu na kundi litakatika vipande viwili, na mchungaji atapoteza muda kulikusanya tena. Kwa farasi ni kinyume: kaa upande wa chini, kwa sababu mnyama anayewindwa huogopa kinachomjia kutoka juu. Ongea na aliyempanda ili farasi ajue wewe ni binadamu, na ukiwa kwenye baiskeli shuka kabisa. Wanaotumia msitu wa Ngong Road, karibu na uwanja wa mbio za farasi, wanahitaji kulijua hili.

Baada ya hapo inakuja kona. Nina hakika kwamba sehemu kubwa ya ugomvi tunaouita wa tabia ni ugomvi wa kona. Fanya hesabu. Baiskeli iendayo kilomita 25 kwa saa inakula karibu mita 7 kila sekunde. Mtu huchukua kama sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kushika breki. Hapo tayari zimekwenda mita 10 kabla gurudumu halijapunguza chochote. Ongeza mita 6 hivi za kusimama kwenye udongo mkavu, au mara mbili yake udongo ukiwa umelowa. Kona nyingi za vijia vyetu hazikuonyeshi mita 20 mbele, kwa hiyo hata mtu mwungwana kabisa akiwa na mwendo huo atamgonga mtu. Kwa kilomita 10 kwa saa, jumla yote inashuka hadi mita 5 au 6, na hizo kona nyingi zinazo.

Kwa hiyo kibao cha "punguza mwendo" peke yake hakitoshi, maana hakuna askari wa kukaa kila kona akipima. Kinachofanya kazi ni kuibadilisha kona. Kwanza, kwa idhini ya wasimamizi wa msitu, fyeka vichaka vya upande wa ndani wa kona hadi kimo cha magoti, ili jicho lipate mita 20. Miti iachwe. Pili, pale ambapo haiwezekani kufyeka, minya njia kabla ya kona: gogo upande mmoja, na hatua chache mbele jiwe kubwa upande wa pili, nafasi ya kupita ibaki kama mita moja na robo. Mwendesha baiskeli atalazimika kupinda mara mbili, na huwezi kupinda hivyo ukiwa mbio. Lakini pima na mzigo wa kuni kwanza. Ukiminya njia hadi mwenye kuni asipite, atatengeneza kijia chake pembeni, baiskeli zitamfuata, na utakuwa na kona mbili mbaya badala ya moja.

Kengele nayo ina namna yake. Ipigwe ukiwa mita 25 au 30 nyuma ya mtu. Ukiipiga mita 3 nyuma yake ataruka, na anayeruka bila kuona mara nyingi huruka upande ule unaopitia wewe. Kisha punguza hadi mwendo wa miguu, salimia, useme mko wangapi: "Habari zenu, tunapita watatu." Hiyo hesabu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ajali ya kundi inaweza kumpata yule wa pili au wa tatu, mtembeaji akishadhani wamekwisha akarudi katikati. Na watembeaji wakisikia kengele waende wote upande mmoja. Wakigawanyika wawili kushoto na wawili kulia, mtoto au mbwa ataamua kuvuka katikati kumfuata mwenzake.

Karura iko jirani na Gigiri, penye ofisi za Umoja wa Mataifa, na watu wake wanatoka kila pembe ya dunia, jambo linaloleta tatizo dogo ambalo sijaona likitajwa. Mkenya akikutana uso kwa uso na mtu hukwepa kushoto kwake, kama barabarani. Mmarekani hukwepa kulia kwake. Wawili hawa wakikutana wanakwenda upande ule ule, wanasimama, wanahama pamoja, wanahama tena. Kwa miguu ni jambo la kuchekana. Kwa baiskeli mbili ni meno. "Kaa kushoto, pita kulia" iandikwe na ichorwe mshale, maana si kila mgeni anajua.

Nirudi Colorado, kwa kanuni ambayo watu wa Nairobi huipenda zaidi wakiisikia: kugawana siku. Katika hifadhi ya Betasso, karibu na Boulder, baiskeli zilipigwa marufuku Jumatano na Jumamosi kwenye mizunguko yake mikuu, na siku nyingine ubao wa mlangoni huziambia zizunguke upande gani. Centennial Cone, hifadhi nyingine katika kaunti ya Jefferson, wikendi hugawanywa kwa tarehe: tarehe shufwa ni za baiskeli, tarehe witiri ni za watembeaji. Inapendeza kuisoma. Lakini angalia kinachotokea mwezi wenye siku 31 ukiishia Jumamosi, kama Mei 2025. Jumamosi tarehe 31 ni witiri, Jumapili tarehe 1 ni witiri pia, na mwendesha baiskeli anakosa wikendi nzima. Isitoshe, siku aliyofungiwa halali nyumbani. Anahamia njia ya jirani, na msongamano unahamia huko pamoja naye.

Kwa Karura sioni kugawana siku kukifaa, na sababu ni pesa. Jefferson, wapiga kura walikubali mwaka 1972 kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola ili kununua na kutunza ardhi ya wazi, na mtu akifika hifadhini hadaiwi chochote langoni. Aliyefungiwa siku yake hajakata tikiti. Karura inajiendesha kwa kiingilio. Kila anayepita mlangoni amelipa, na aliyelipa hukumbuka kwamba amelipa. Mwambie mtu aliyetoka Kayole kwa matatu mbili, nauli juu yake na kiingilio juu yake, kwamba leo si siku yake, uone kama mtaelewana. Pesa hizo zenyewe zimeleta mvutano mkubwa kuliko wa baiskeli na mbwa: mwaka 2025 KFS, yaani shirika la serikali la misitu, na Friends of Karura Forest, chama cha jamii kinachoshiriki kuutunza msitu huo, walifikishana mahakamani kuhusu njia ambayo malipo ya mlangoni yapitie. Mimi nasimama na wale wanaotaka pesa za msitu zionekane msituni, kwenye mishahara ya skauti wanaoulinda, uzio na madaraja, kwa sababu bila hizo hakuna kanuni yoyote hapa itakayosimamiwa na mtu.

Ningependa kujaribu saa na upande badala ya siku. Mlango unafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi na Jumapili, baiskeli za mwendo wa mazoezi zipewe mzunguko wa nje hadi saa mbili, kabla familia hazijafika, na zizunguke upande mmoja tu. Watembeaji washauriwe kuzunguka kinyume chake. Hapo baiskeli hazigongani ana kwa ana, na mtembeaji huona kila baiskeli ikimjia usoni badala ya kumtokea mgongoni. Vijia vyembamba vya kando ya mto, kuelekea maporomoko na mapango, vibaki vya miguu peke yake siku zote. Makutano ya Karura tayari yana namba kwenye vigingi, kwa hiyo ramani ya namna hii ni kutaja namba tu.

Matope ni chanzo kingine cha matusi. Masika yakianza Machi, udongo mwekundu unashika maji, tairi zinachimba mifereji, maji yanafuata mifereji, watembeaji wanakwepa pembeni, na kijia cha mita moja kinakuwa tope la mita nne. Kila kundi linamlaumu mwenzake, wakati kosa ni la maji yasiyo na pa kutokea. Kumwaga udongo juu ya dimbwi ni kazi bure, kwa sababu mvua ya kwanza inaugeuza uji. Panda na njia hadi mahali maji yanapoingilia, hapo chimba bonde pana la kina kifupi linalokata njia kwa mshazari, urefu wa mita 3 hadi 5 ili baiskeli ipite bila kuruka. Uso wa njia uinamishe kuelekea upande wa chini wa mlima kama sentimita 5 kwa kila mita ya upana, na mdomo wa kutolea maji uwe mpana kuliko jembe mbili, ama majani yatauziba kwa wiki moja. Rudia kila mita 20 au 30 kwenye mteremko, karibu zaidi pakiwa pakali. Jembe, sururu, reki na toroli zinatosha. Watu kumi wanaofanya kazi asubuhi moja wanaweza kuponya kipande kizima, na ni vizuri wawe wametoka makundi tofauti, kwa sababu aliyechimba mfereji haupiti kwa breki zilizofungwa.

Kelele nitazigusa kidogo tu. Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, ina waombaji, wasomaji na wapiga picha za harusi kwenye hekta 30. Spika ndizo za kuzuia. Maombi ya sauti yapewe upande wake, na imetosha.

Kilichobaki ni nani aitwe kuamua. Mikutano ya namna hii Colorado hufanywa jioni, baada ya kazi, na wanaofika ni wenye magari na muda. Ukiiga saa hiyo Nairobi utapata viongozi wa vikundi vya baiskeli na wa wakimbiaji, na hutampata hata mwokota kuni mmoja. Mkutano ufanyike Huruma, mchana, siku isiyo ya kuokota kuni, kabla ya masika. Skauti wa jamii wakae mbele, maana wao wanajua kona ipi imegonga watu. Na ile rasimu ya ubao wa mlangoni isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla ya kuchapwa.