Filamu bubu za Hitchcock si mazoezi tu

Akitajwa Alfred Hitchcock, wengi hukumbuka Psycho ya 1960: bafu, pazia, kisu. Filamu bubu alizoongoza Uingereza katika miaka ya 1920 huwekwa kando kama mazoezi ya kijana aliyekuwa bado anatafuta njia.

Wanaosema hivyo wana hoja. Katika tisa zilizosalia hadi leo, nyingi hazina taharuki tunayomhusisha nayo. The Farmer's Wife ni kichekesho cha mkulima mjane anayesaka mke. Champagne hata yeye mwenyewe aliidharau. Hadithi nyingi alipangiwa na kampuni, na Eliot Stannard alishiriki kuandika karibu zote.

Hayo nayakubali. Lakini ukimpima Hitchcock kwa aina ya hadithi peke yake, utapitwa na kilichomfanya awe Hitchcock.

Alianza kazi akichora kadi za maandishi, zile zinazokatiza picha za filamu bubu kueleza hadithi na maneno ya wahusika, katika studio ya Islington, London. Mwaka 1924, akiwa Ujerumani, alimshuhudia mwongozaji Mjerumani F. W. Murnau akitengeneza The Last Laugh, filamu ambayo karibu haina kadi hata moja. Kisha ikaja The Lodger, filamu yake kuhusu mpangaji anayeshukiwa kuwa muuaji. Msambazaji, C. M. Woolf, hakuitaka kabisa. Akaitwa mhariri Ivor Montagu kuinusuru, naye akafyeka kadi kutoka mamia hadi 80 hivi. Hebu tuitazame hesabu hiyo vizuri: kwa filamu ya takriban saa moja na nusu, ni kama kadi moja kwa dakika, na mtazamaji hapotei! Montagu alistahili sifa zake, ila mkasi wake usingefaa kitu kama hadithi isingekuwa tayari ndani ya picha. Familia iliyo chini inaikodolea macho taa inayotikisika darini. Ghafla dari inakuwa kama kioo, tunaona nyayo za mpangaji zikienda na kurudi. Hitchcock alimpitisha mwigizaji juu ya kioo kinene, kamera ikiwa chini yake. Hatuvisikii vishindo, na bado tunamwogopa.

Ustadi huo ndio alioingia nao kwenye filamu za sauti. Katika Blackmail ya 1929, jirani anapiga domo mpaka maneno yake yanakuwa mvumo tu, isipokuwa neno "kisu", linalomchoma msichana aliyeua. Hata katika Psycho, Norman, mwenye moteli, anasafisha bafu baada ya mauaji kwa dakika kadhaa bila neno.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaozipekua filamu hizi wakitafuta muuaji, na wasipomwona huzifunga. The Ring ya 1927 inahusu mabondia wawili na mwanamke mmoja. Katika banda la maonyesho, ambako bingwa hupigana na yeyote anayejitokeza, kibao cha raundi ya kwanza kimechakaa. Anapopatikana mpinzani wa kuivuka, kinachomolewa cha pili, kipya kabisa. Kwa vibao hivyo viwili unajua bingwa amewaangusha wangapi, na kwamba leo amekutana na mtu mwingine.