Usivue Magwanda Kabla Maumivu Yako Hayajaandikwa

Babu yangu alikuwa askari wa Keya (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi Ukambani sikio lake la kushoto likiwa limekufa. Sisi wajukuu tulikaa upande wake wa kulia tukitaka kusikika, wala hatukujiuliza kwa nini. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitaja. Waingereza waliwaaga askari wao wa Afrika Mashariki kwa malipo yaliyopangwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu akipata zaidi ya Mwafrika, kisha kila mtu akarudi kwao kulima.

Sikio lile limenirudia mwaka huu hapa Killeen, Texas, nilipokuwa najiandaa kutoka jeshini baada ya miaka minane ya kutengeneza malori. Daktari aliniuliza masikio yangu yanavuma tangu lini. Nikashindwa kujibu. Si kwamba nilisahau. Sikuwahi kumwambia mtu. Magoti nayo vilevile. Nililelewa kuamini kwamba mwanamume hataji maumivu yake, na askari ndio kabisa. Kliniki ya kikosi nilienda mara tatu tu katika miaka yote minane, na mara zote ni sajini wangu aliyenifukuza niende.

Nawaandikia vijana wetu walio jeshini Marekani, maana naona tunarudia kosa hilohilo. Kuna utaratibu unaoitwa BDD, wa kudai fidia kabla hujatoka jeshini. Ukiwa bado kazini, na tarehe yako ya kutoka unaijua, unapeleka madai yako ya fidia ya ulemavu VA, idara ya serikali ya Marekani inayohudumia waliokuwa askari, zikiwa zimebaki siku kati ya 180 na 90. Unaambatanisha rekodi zako za matibabu, na unatakiwa uwepo kwa siku 45 baada ya kupeleka ili upimwe. Kwa hiyo usikate tiketi ya Nairobi wiki ile! Zikipungua chini ya 90 bado unaweza kudai, ila kwa njia ya kawaida, na hapo unaweza kusubiri muda mrefu ukiwa huna mshahara.

Mwenzangu mmoja wa Kisii alitoka kimya kimya. Alisema atashughulika na mambo hayo akishatulia. Alitulia miaka mitatu. Angedai ndani ya mwaka mmoja, malipo yangehesabiwa tangu siku iliyofuata baada ya kuacha jeshi. Kwa kuwa alichelewa, yakahesabiwa tangu siku aliyodai. Miaka ile mitatu imekwenda, na mgongo ulikuwa unamuuma muda wote.

Najua kinachotuzuia. Ni lile neno, ulemavu. Mtu anakuambia, "Kaka, mimi natembea, nakimbia, nijiite mlemavu nyumbani wanielewe vipi?" Wengine wanaona ni kuombaomba. Mimi nakataa kabisa. Masikio yanayovuma huhesabiwa asilimia 10 ya ulemavu, na mwaka 2025 asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, bila kodi. Hiyo ni fidia ya kitu ulichokiacha kazini. Ila usijumlishe asilimia kama sokoni: 50 na 30 hazifanyi 80. Ile 30 inakatwa kwenye nusu iliyobaki, inatoka 15, jumla 65, inapandishwa kuwa 70. Ndiyo maana nasema mtafute mtu anayejua. DAV, chama cha maveterani wa Marekani wenye ulemavu, wanakuandalia madai bila kukutoza senti. Anayekudai pesa ili akujazie fomu hizo za mwanzo, mkimbie.

Na ukirudi Machakos moja kwa moja, malipo yanakufuata huko.

Sisemi Marekani inatupita kwa kila kitu. Siku yangu ya mwisho nilirudisha vifaa, nikatia saini, nikaendesha gari peke yangu hadi nyumbani. Kwetu mbuzi angechinjwa, wazee wangekuja, mtu angeshika mkono wangu na kuniita jina la babu. Hilo sijalipata hapa, na lilinichoma. Lakini watu hao hao wanaonipenda ndio wangeniambia, "Jikaze." Kenya ilipitisha Sheria ya Maveterani wa Kijeshi mwaka 2022, nami nilifurahi sana. Ila sheria haiwezi kumsemea askari aliyefundishwa tangu utotoni kunyamaza. Natamani nyumbani tumruhusu kijana wa jeshi aseme "naumwa" bila mtu kumcheka, na aseme mapema, angali na magwanda mwilini.

Jana jioni, baada ya ibada, kijana wa Kitui alinijia anachechemea. Nikamuuliza goti limeanza lini. Akasema, "Si kitu, mzee." Nikamuuliza anatoka jeshini lini, tukahesabu pamoja kwenye simu yake. Ana siku 112. Jumatatu asubuhi nampeleka kliniki mimi mwenyewe, na nitakaa naye mpaka aeleze kila kitu.